Kufuma, Kufumua

Saa kumi na moja alfajiri Vágur bado ni giza,
mvua inakuja kwa ubavu, inagonga dirisha
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Beinta ameshateremka kiwandani na spana zake,
mitambo ya kugandisha samaki haijui kungoja.
Tumebaki wawili, mimi na Rannvá,
miezi ishirini, meno kumi na moja,
na mawili kati ya hayo yamo sasa hivi kwenye uzi wangu.

Mimi nafuma. Yeye anafumua.
Kati yetu pana herufi moja tu,
na herufi hiyo ina mafua.

Jana nilimaliza mkono wa kushoto wa sweta yake,
nikaenda kuzima jiko.
Niliporudi mkono umekuwa tambi za kijivu
kutoka kitini hadi mlangoni,
naye katikati, viganja wazi, ananionyesha:
Imekwisha, baba.
Ndiyo. Imekwisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nimeziba goti: kiraka cha kwanza, umbo la kondoo;
cha pili, juu ya kondoo;
cha tatu kimekalia cha pili,
na suruali yenyewe sasa ni uvumi.

Cherehani ni ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono,
niliipata mnadani kanisani kwa bei ya mikate miwili.
Nashona naye mapajani.
Nikisimama hunigeukia kama mwenye kiwanda.
Pini nimezibana midomoni, siwezi kusema hapana;
labda ndiyo sababu nyumba hii haina kilichokatazwa.

Baba mkwe, Dánjal, aliwahi kuniuliza
katika duka la ushirika, mbele ya watu,
kama maziwa nayo natoa.
Nikacheka. Nilikuwa na mtoto mgongoni
na mkono mmoja kwenye viazi.

Alhamisi akabisha. Hakuvua kofia.
Akaweka mfuko wa plastiki mezani
kama kitu alichokiokota kimekufa njiani.
"Kiwiko," akasema.
Ndani, sweta aliyofumiwa na Marjun
mwaka ule Marjun alipougua.

Nikaipeleka penye mwanga.
Tundu lilipitisha ngumi.
Na juu kidogo ya tundu nikaona kosa lake:
kitanzi kimoja kimevuka kingine,
mchoro ukaenda kombo safu sita,
kisha ukarudi njiani wenyewe, bila kufumuliwa.
Mkono ulichoka. Au ilikuwa usiku. Au kuna mtu aliita.
Ningeweza kulinyoosha, kazi ya dakika kumi.
Nikafuma kwa kulizunguka, polepole,
kama mtu anayepita chumba chenye aliyelala.

Dánjal alikaa sakafuni, magoti yakilalamika.
Rannvá akampa ncha ya uzi.
Akavuta. Akampa tena.
Mzee akashika bonge, akawa anazungushia upya
kila alichofumua mjukuu,
bila neno,
bonge likipungua, likinenepa,
hata kahawa ikapoa.

Alipoivaa alikunja kiwiko mara tatu.
"Umeliacha lile."
Kumbe analijua. Miaka minane anavaa, analijua.
"Nimeliacha."
Akavuta kofia hadi masikioni.
"Jumatatu nitaleta soksi."

Usiku Beinta anaingia, ananukia barafu na grisi,
anaweka mkono baridi shingoni mwangu, makusudi.
Mkono wa kushoto nimeuanza tena.
Rannvá amelala, uzi umemzunguka kidole gumba,
na sijui ni nani amemfunga mwenzake.
Sikati. Nasogeza kiti,
nafuma kadiri uzi unavyoruhusu:
safu ya nne. Ya tano. Ya sita.
Anajigeuza.
Ya tano.